Kofia Iliyobaki Kiti cha Mbele

Kijiwe chetu cha Vingunguti kiko mbele ya kibanda cha Audax, fundi redio, ambaye watu wanamwita Antena kwa sababu hakuna habari inayompita bila kuidaka na kuiongezea chumvi. Benchi alilichonga Mzee Fransis, seremala wa Kimakonde anayeitwa Patasi, na tangu alilete hapo hajakosa kulikalia asubuhi hata siku ya mvua. Upepo ukigeuka, harufu ya machinjio inakuja hadi kwenye kikombe. Ndege ikipita, inapita chini kiasi kwamba watu wananyamaza mpaka iishe, kisha wanaendelea kubishana pale pale walipoachia. Jumanne hiyo Mzee Patasi alikuwa kichwa wazi. Kofia yake ya pama, ambayo hata kanisani huivua kwa shingo upande, haikuonekana tangu Jumamosi, na hakuna aliyethubutu kuiulizia.

Saa tatu ilikuwa imepita. Saa sita mchana binti yake wa pekee, Noela, anayeishi mjini, angepanda ndege kwenda masomoni ng'ambo kwa miaka miwili, yeye na wenzake wawili: Yustina wa piano na Allen wa fidla. Noela mwenyewe ni wa selo, lile fidla kubwa linalobanwa kwa magoti. Kutoka kwenye benchi hadi uwanja wa ndege ni dakika kumi kwa bodaboda.

– Mzee Patasi, si leo ndo binti anaruka? akauliza Sadallah. Huyu ni mchinjaji tangu ujana wake, jina lake la kijiweni ni Kwato.

– Leo. Saa sita.

– Sasa unafanya nini hapa?

Patasi akakizungusha kikombe mkononi.

– Hajaja kuniaga, akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Ila simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, imezimwa tangu Jumamosi jioni, na hilo hakulisema. Aliizima mwenyewe kwa aibu, maana aliogopa kuisikia sauti ya mwanawe.

– Hebu tueleze vizuri, akasema Bi Chausiku, muuza kahawa, akimmiminia nyingine. Kila mtu hapa anasimulia yake. Jumamosi, kwenye onyesho lao la kuaga, huko ukumbini ulifanya nini?

Patasi alikohoa. Siku tatu hizi alikuwa amejisimulia mambo yale kitandani, na kila mara yalizidi kuwa mabaya.

– Walikaa watatu. Hakuna spika, hakuna mwimbaji. Watu kimya, utadhani wako kwenye mtihani. Ikafika sehemu ya polepole. Wale wenzake wakanyamaza, akabaki Noela peke yake na lile fidla. Jamani, ile sauti... Marehemu Anjelina alikuwaga akipepeta mchele anaguna wimbo vilevile. Vilevile kabisa.

– Ukainuka, akasema Antena.

– Nikainuka. Kanga ya mama yake nilikuwa nayo kwenye mfuko, nilitaka nimpe wakimaliza. Lakini miguu ilishaondoka. Nikapanda jukwaani nikamfunika mabegani. Nikamtunza mwanangu.

– Sasa kosa liko wapi? akaruka Bi Chausiku. Mtu akikukuna roho, unamtunza! Mie ukinitunza kanga harusini nazidisha kukatika.

– Pindo likanasa kwenye ule upinde wake. Upinde ukaanguka. Muziki ukakatika. Ukumbi mzima ukanigeukia, wengine wanasonya. Noela akaniangalia tu. Mie nikashuka, nikatafuta mlango.

Kwato akamsogelea kwenye benchi. Patasi alishukuru kwamba hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, siyo kwa huruma, na huruma ilimuuma zaidi.

– Mie nakwambia, akaanza Kwato, binti hana hasira na wewe. Kakatazwa. Pale anayepiga piano ndo bosi. Si umeona? Piano ndo ina mwili mkubwa. Huyo Yustina kamwambia, ukienda kwa baba yako, safari utaisikia kwenye redio.

– Acha uongo, Kwato, akasema Bi Chausiku. Yustina ana miaka ishirini na mbili, bosi wa nani?

– Ishu siyo bosi, akasema Antena, akaweka chini redio aliyokuwa akiichokonoa. Ishu ni kibali. Muziki ule ni wa makaratasi. Kila sauti imeandikwa, na kila kilichoandikwa kina mwenyewe huko kwao. Ukikata katikati, ni sawa na kuchana hati. Pale ukumbini lazima kuna kamera. Picha ya mzee ilishafika ubalozini usiku uleule.

– Ubalozini! akashtuka Bi Chausiku.

– Mzee kavamia jukwaa. Wenzetu wanaita usalama. Sasa mie nakwambia, jina lake liko kwenye kompyuta ya pale uwanjani. Akitia tu mguu mlangoni, mashine inalia. Wanauliza, umemfuata nani? Anasema, Noela. Wanamshusha Noela na begi lake.

– Na fidla, akaongeza Kwato.

– Fidla wanaizuia kama ushahidi.

Patasi ni mtu mzima. Amechonga milango ya watu wenye pesa zao, anajua uongo unavyonuka. Lakini kila nadharia iliyotoka pale aliipokea moyoni kwa namna ya shukrani, kwa sababu kila moja ilimpa ruhusa ya kuendelea kukaa. Kama ni Yustina, basi akae. Kama ni mashine, basi akae ili mwanawe asafiri salama. Alijiona hata baba mwema. Akaomba kahawa ya nne.

– Au ni marehemu, akasema Bi Chausiku kwa sauti ya chini. Kanga ya maiti kumvika msafiri! Labda Anjelina mwenyewe ndo kaushika ule upinde. Hataki mtoto aende.

– Chausiku, akasema Patasi. Huko usifike.

– Nimekoma, baba. Nisamehe.

Saa nne ikaenda, na saa tano. Bodaboda wa pale kwenye kona, Brightson, alipita mara mbili akiuliza kama kuna anayekwenda popote. Mara ya pili Patasi aliinuka nusu. Antena akamwambia, "Mzee, mashine," naye akakaa. Huo ulikuwa muda wake wa mwisho, na aliujua wakati unapita.

Saa sita kasoro kidogo, akashuka kwenye bajaji msichana mmoja mwembamba, kavaa gauni jeusi, mkononi ana mfuko wa karatasi. Hakuna aliyemjua.

– Shikamooni. Namtafuta Mzee Fransis, baba yake Noela.

– Marahaba. Ndiye mimi.

– Naitwa Editha. Mie nafunguaga kurasa za nota za Yustina akipiga piano. Nakaa pembeni yake, hakuna anayenionaga. Natoka uwanjani kuwasindikiza.

Akafungua mfuko, akatoa kofia ya pama. Patasi akaipokea kwa mikono miwili na hakuivaa.

– Ulisahau kwenye kiti, mzee. Noela alitaka akuletee mwenyewe, ila Jumapili na jana walikuwa wanazungushwa na makaratasi ya safari mpaka usiku. Amekupigia sana. Hata leo, kabla hawajaingia ndani, amepiga. Tukajua labda simu imeharibika.

Kwato alimtazama Patasi. Antena alimtazama Patasi. Mzee akaitoa simu mfukoni, akaibonyeza, nayo ikawaka vizuri tu. Ikaanza kutetemeka kiganjani, ujumbe juu ya ujumbe, na haikuwa na dalili ya kunyamaza.

– Kwa hiyo hajakasirika? akauliza Bi Chausiku.

– Akasirike nini? Editha akashangaa. Aliokota upinde, akaiweka kanga vizuri mabegani. Akawaambia watu, "Yule ni baba yangu. Tutaanza tena toka mwanzo, nataka aisikie mpaka mwisho." Watu wakapiga makofi. Kwa zile taa za jukwaani mtu haoni vizuri, yeye aliona kofia pale kiti cha mbele akajua upo. Alipiga anaiangalia kofia. Vile alivyopiga siku ile, mie kurasa nilikuwa nazifungua machozi yananitoka. Walipomaliza wakainama, taa zikawashwa, ndo akaona kiti hakina mtu.

Ikaja ndege. Ilitokea upande wa uwanjani ikinyanyuka, ikafunika maneno yote, na kama kawaida kijiwe kikanyamaza. Patasi alikuwa ameshapiga namba ya mwanawe na simu iko sikioni. Ndege ilipoisha ikasikika ile sauti ya kike ya mtandao, yenye adabu zake, ikisema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Ikasema vilevile.

– Kanga ameondoka nayo, akasema Editha polepole. Kaivaa juu ya koti.

Patasi akairudisha simu mfukoni.

– Aliniagiza nikuulize kitu kimoja tu, mzee, akifika anataka nimwambie. Kwa nini hukukaa?

 Patasi akamtazama Antena, ambaye tangu asubuhi alikuwa na jibu la kila jambo. Antena aliichukua ile redio mbovu akaipakata, akaanza kuipangusa vumbi kwa kidole. Kwato alikuwa anaangalia viatu vyake. Bi Chausiku, kwa kukosa la kufanya, aliinua birika amkaribishe mgeni kahawa, akaliinamisha, likatoa machicha tu.

 Patasi akaiweka ile kofia juu ya benchi kando yake, pale anapokaaga mtu, kama alivyoiacha kule kiti cha mbele.