Rangi ya Mzee Msasa Haijawahi Kubanduka

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi rangi wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Aliingia hapa kijana mwenye nywele, anatoka na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kusomea. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa masjala niandike wasifu wake kwa moyo mkunjufu, kurasa mbili, watu wasije wakalia kabla ya chakula. Nimejaribu, na mwanzo umekubali.

Wachache wanalijua jina lake la kwenye barua ya ajira. Sisi tunamwita Mzee Msasa, kwa sababu hakuna siku aliyokosa kipande cha msasa mfukoni mwa koti lake la kazi. Wako mafundi wanaopaka juu ya uchafu na kwenda zao. Yeye huosha ukuta, huuacha ukauke, huupiga msasa mpaka kiganja kinateleza, hupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, ndipo hufungua kopo. Wakubwa walimlalamikia miaka nenda miaka rudi kwamba ni mzito wa kazi. Lakini tembea jengo lote, ingia jikoni penye mvuke, ingia hata bafu za wanaume ambako kila kitu hubanduka: rangi ya Mzee Msasa imeng'ang'ania. Hilo naomba msomaji aliweke akilini, nitalirudia.

Visa vyake ni vingi. Aliwahi kupaka ofisi ya mganga mkuu huku mwenyewe akiwa ndani, kwa kuwa mkubwa huyo alikataa kukata simu na kumpisha. Mkubwa alihudhuria kikao cha siku hiyo akiwa na kiwiko cheupe, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi alinibatiza Bi Faili wiki yangu ya kwanza kazini, nikanuna mwezi mzima, na leo nikiitwa jina langu halisi siitiki.

Jambo kubwa alilotufanyia lilianza kwa bahati tu. Alitumwa kupaka upya ukumbi wa wodi ya wagonjwa wa akili, ule unaotazamana na dirisha langu la masjala. Palikuwa na mgonjwa tuliyemwita Mwalimu, aliyekuwa hajatamka neno kwa miezi saba. Mwalimu alisimama nyuma ya fundi, akachukua brashi iliyokuwa imelazwa juu ya kopo la kijivu, rangi iliyobaki baada ya kupaka lango kuu, akavuta mstari mmoja mnene juu ya ukuta uliokwisha kupigwa msasa. Muuguzi alipiga kelele. Mzee Msasa alimpisha Mwalimu nafasi na kumshikia kopo. Siku ya pili Mwalimu akaongeza mstari, na ya tatu. Siku ya tisa akakaa mbele ya ukuta, akautazama, akasema, "Hicho ndicho kilichokuwa kinanikaba." Daktari aliacha chai yake ikapoa.

Uongozi ukaruhusu ukuta ule utumike, kwa sharti moja la matroni: kila tarehe moja uwe mweupe, maana wakaguzi hupita. Mzee Msasa aliligeuza sharti hilo kuwa fundisho. Kila asubuhi baada ya dawa, wagonjwa walikaa kwenye benchi mbele ya ukuta, na hakuna aliyeshika brashi mara moja. Kwanza miguu ikanyage sakafu. Macho yafumbwe. Kila mtu asikilize pumzi yake ikiingia na kutoka, mpaka ajue kifua chake kimebeba nini leo. Ndipo achague kopo, aisikie brashi ilivyo nzito mkononi, na avute pale mkono unapotaka kwenda. Hakuna kuchora kwa kutafuta sifa, hakuna kumuuliza jirani anachora nini. Na Ijumaa ya mwisho ya mwezi fundi huja na rola, anaanzia juu kulia, anamalizia chini kushoto, na vyote vinaondoka. Alikuwa akiwaambia kwamba uliyokwisha kuyatoa huna haja ya kuyalinda. Wapo waliotoka hapa wazima kwa sababu ya ukuta ule, na sisemi haya kumpamba.

Rangi zilikuwa masalio ya kazi zake: kijivu cha lango, kijani cha kuta za chini, kahawia ya milango. Lilikuwepo pia kopo la njano, lililobaki kwenye mistari ya maegesho ya magari, na hilo hakuna aliyeligusa. Mgonjwa mmoja alimwambia rangi ile inapiga kelele. Miaka ikapita, njano ikawa nzito, na Mzee Msasa akawa analitania kopo lile kila asubuhi, analiita bibi harusi asiyeposwa. Kisha asubuhi moja, miaka minne iliyopita, alilikuta limesukumwa chini ya benchi, limetumika hadi nusu, brashi imesimama katikati imenasa. Aling'ang'ana kuing'oa, ikagoma. Akasimama ukumbini akauliza ni mwanaharamu gani amemuulia brashi yake, akacheka, akaniletea kopo masjala nizuilie mlango. Liko pale mpaka leo, gumu kama jiwe, na brashi yake.

Hapa ndipo kurasa za kamati zingegeukia kwenye shukrani. Siwezi kuruka.

Miaka minne iliyopita binti yake wa mwisho alilazwa katika wodi ileile. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, muuza dawa katika duka la mtaani kwao, msichana wa maneno machache na kicheko cha baba yake. Huzuni ilikuwa imemuingia taratibu mpaka akashindwa kutoka kitandani. Mzee Msasa alimpeleka mwenyewe kwenye benchi, akamwonyesha makopo, kisha akaomba ruhusa ya kutokanyaga ukumbi ule muda wote mwanawe akiwepo. Alisema mtoto hawezi kutoa ya moyoni huku babake amemsimamia na ngazi. Binti alichagua kona ya kushoto, chini kabisa, akakaa sakafuni ameupa ukumbi mgongo. Alichora asubuhi tisa. Wakati hachori alilisogeza benchi likaziba kona. Jumanne akaruhusiwa, amechangamka, amewaaga wauguzi mmoja mmoja.

Ijumaa ikafika, nayo ilikuwa ya mwisho ya mwezi. Nilimwona Mzee Msasa kwa macho yangu kupitia dirisha langu. Alianzia juu kulia, kama kawaida. Alipofika chini kushoto alilivuta benchi huku uso ameugeuzia upande wangu, akafumba macho. Aliosha kona ile kwa kupapasa. Akaipiga msasa kwa kupapasa. Akapangusa vumbi, akasuuza kitambaa ndooni bila kutazama maji yamegeuka rangi gani. Akapaka mara mbili. Nilimuuliza mbona anajitesa hivyo, akanijibu kwamba mtoto akitaka kumwambia atamwambia mwenyewe mezani. Aliona hiyo ndiyo heshima, na mimi niliona hivyo hivyo.

Siku ya kumi na moja tangu aruhusiwe, habari ikaja kwamba binti ametutoka, na kwamba hakuna aliyemwondoa ila yeye mwenyewe. Hakuacha barua wala neno. Chochote alichokuwa nacho cha kusema alikwisha kukisema kwenye futi mbili za ukuta wetu, na baba yake ndiye aliyekifunika.

Jumatatu baada ya maziko Mzee Msasa alikuja kazini mapema akiwa na kisu cha puti, kile bapa cha kukwangulia rangi, akapiga magoti pale chini. Alifikiri atambandua mwanawe taratibu kutoka chini ya weupe. Nilisema nitalirudia, na sasa ndipo: rangi yake haibanduki. Aliiandaa kona ile kwa mikono inayoijua kazi, na rangi ikashikana na rangi mpaka ukuta. Kila alichokikwangua kilitoka pamoja na plasta, kikawa unga usiotambulika hata rangi. Alipofikia ukubwa wa kiganja akaacha, akihofia kumaliza hata kile asichokiona. Akaziba shimo, akalipiga msasa, akalipaka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuchora pale wala kupaka. Sijawahi kuona mtu akiadhibiwa na ubora wa kazi yake kiasi kile.

Ndipo alipoanza kutuuliza. Picha haikuwepo, maana simu haziingii wodini. Muuguzi wa zamu alikumbuka mgongo wa binti tu. Alikuja kwetu mmoja mmoja, kwa adabu, na daftari lake la vipimo vya rangi: wewe ulikuwa unapita pale kila siku, hukuona alichora nini? Mpishi alimhurumia, akamwambia ni ndege. Mlinzi akasema nyumba yenye madirisha mengi. Daktari, mtu mzima na shahada zake, akasema mti. Nami nikamwambia maua. Kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye anayedanganya, na kwamba uongo mmoja wa huruma hauwezi kumdhuru mtu aliyekwisha kuumia vile. Alituandika wote. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alifungua daftari akatusomea bila hasira: ndege, nyumba, mti, maua. Kisha akasema, "Kona yenyewe ni futi mbili." Akatushukuru, akafunga daftari, akamalizia chakula chake. Hajauliza tena, na miongoni mwetu hakuna aliyekuwa na uso wa kuomba radhi.

Muuguzi alimshauri akae yeye mwenyewe kwenye benchi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuchora hata mstari. Alikubali. Alikanyaga sakafu, alifumba macho, alisikiliza pumzi yake, tukamwona kifua kinapanda na kushuka, akachovya brashi. Alikaa saa nzima. Alipoirudisha ilikuwa imekauka mkononi mwake. Alimwambia muuguzi kwamba amechungulia ndani akakuta peupe tupu, na kwamba weupe ndio kitu pekee anachojua kukitengeneza. Alijaribu mara tatu nyingine, kisha akaacha.

Kwa hiyo leo tunamuaga mtu aliyewafungua wengi na ambaye yeye mwenyewe hakufunguka. Nafasi yake haitajazwa. Kuta zote za ukumbi zitawekwa vigae, na ili vigae vishike, Jumatatu mafundi watauchonga ukuta kwa nyundo kuanzia chini. Tuliomba kona ile iachwe, tukajibiwa kwamba ramani imekwisha kupitishwa. Kamati imemnunulia kisanduku cha rangi. Mke wake alituomba jambo moja tu, kwamba ndani yake pasiwe na nyeupe.

Mzee Msasa, haya ya mwisho nakuandikia wewe, mbele ya watu wote, kwa kuwa uongo nilikuambia faraghani. Sikuona maua. Mpishi hakuona ndege. Nimewauliza wote wiki iliyopita, na wote wamekiri. Tulipita pale mara nne kwa siku, siku tisa, na hakuna aliyeinama. Tusamehe ukiweza.

Ninachokijua kwa hakika ni hiki. Jumanne ile mwanao alikuja dirishani kwangu kutia sahihi fomu ya kuruhusiwa. Kidole gumba chake kilikuwa na rangi, kikaacha doa chini ya karatasi. Nikamgombeza. Akasema, "Samahani mama, haikauki." Nami siku zote nimejivunia usafi wa majalada yangu kama wewe unavyojivunia kuta. Alhamisi nilikaa nikaandika fomu nyingine, safi, nikaichana ile ya kwake. Nilikuwa bado naandika ulipoingia na kopo, ukinilalamikia brashi yako, na mimi nikacheka nawe. Vitu viwili vilikuwa mbele yangu saa ileile na sikuviunganisha kwa miaka minne, mpaka nilipoketi kuandika wasifu huu na kuinua macho mlangoni.

Lile doa lilikuwa la njano.

Sijui alichora nini, na Jumatatu hata ukuta hautajua. Najua tu kwamba alichukua rangi ambayo wote waliiogopa, akaimaliza nusu kopo, na ile brashi ni yeye aliyeisimamisha pale. Asante kwa miaka thelathini na mitatu, fundi wetu. Tunakuombea pumziko, na siku utakapofumba macho ukutane na kitu kisicho cheupe. Kopo liko palepale linazuia mlango, sijalifuta hata vumbi. Pita ulichukue kabla hujatoka getini.