Hadithi ya Mapenzi Iliyonitoa Ukweni

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Wa nyuma sijawasikia. Asifiwe! Haya. Anayetaka ushuhuda mtamu amsubiri mwingine, wangu ni mchungu.

Wenyeji mnanijua, mimi ni Mhehe wa hapa hapa Ilula. Niliolewa Tukuyu kwa Wanyakyusa, na mwalimu aitwaye Anangisye. Kule, ndugu zangu, mkamwana na baba mkwe hawaonani kabisa. Ukisikia anakuja unaingia migombani, unampa mgongo mpaka apite. Jina lake hulitamki, na hata leo silitamki. Mwanzoni nilinung'unika. Baadaye niliona mzee naye anakohoa angali mbali ili nipate nafasi ya kujificha, nikapenda. Siku moja alisimama kuongea na jirani, mvua ya Tukuyu inamwagika, nami nikabaki migombani na binti yangu Tumpe mgongoni mpaka walipomaliza. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Basi kanisa huku Iringa likatafuta kina mama wa kuandika hadithi za mapenzi za zamani, mabinti wajifunze uchumba wa Kikristo. Tulikuwa watano, kila mmoja na hadithi yake, zote katika kitabu kimoja. Mimi niliandika ya bibi yake mume wangu, wakati wa Mjerumani, alivyomkataa mzee mwenye wake wengi akamngoja kijana mpagazi aliyejifunza kusoma misheni. Mwishoni bibi harusi yuko migombani, anasikia baba mkwe akimbariki kutoka mbali, haoni hata kivuli chake. Nililia nikiiandika.

Mhariri hakuwa mtu wa kule. Aliona mwisho wangu una huzuni, maana wenzangu wote walimaliza kwa harusi na vigelegele. Bila kuniuliza akaandika bibi harusi anapiga magoti, anamnawisha baba mkwe mikono, wanatazamana machoni wakitabasamu. Juu yake jina langu!

Kitabu kilifika Tukuyu kabla sijakiona. Kikasomwa kwa sauti kilabuni, watu wakacheka: kumbe mkamwana wa mzee yule humtazama mkwewe machoni, na mengine je? Mzee akaacha kwenda sokoni, akaacha hata kanisa. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mume wangu, mwalimu mzima, alisema neno moja tu.

"Umemvua nguo baba yangu."

Nikapandishwa basi. Tumpe alibaki, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa na mtoto ni wa kwao. Alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa.

Ndugu zangu, niliharibika. Niliuza nyanya hapa barabarani, na kila basi lililotoka Mbeya nililikagua madirisha nikimtafuta mwanangu. Nikasikia mume ameoa. Nikaacha kuomba. Nilimwambia Mungu wazi kwamba nimemtumikia kwa kalamu naye kanilipa hivi. Kitabu kilisifiwa sana, mabinti wa kwaya walikisoma wakitoa machozi ya raha, nami niliwachukia hata mabinti hao. Niliwachukia, sifichi.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa pale mchana mmoja mama yangu alipokuja mbio. Alisema kuna mzee wa Tukuyu nyuma ya nyumba, ameketi ameupa ukuta mgongo, ana mtoto wa kike. Nikajua ni nani. Nikaingia ndani nikakaa upande wangu wa ukuta.

"Mkamwana," alisema, "nilijua tangu siku ya kwanza si wewe uliyeandika vile. Aliyeloa mvua ili asinione hawezi kuandika vile. Nilinyamaza kwa sababu walikuwa wananicheka. Mama wa kambo anampiga huyu mtoto. Nimekuletea."

Tangu siku ya kwanza! Alijua, na akaniacha nipandishwe basi. Nilisimama nizunguke ukuta nimkazie macho, aibike kweli kweli, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Nilifika mlangoni. Hapo ndipo Bwana aliponishika. Sikusikia sauti wala sikuona nuru. Niliona tu kwamba nikipiga hatua nyingine nitakuwa yule mwanamke wa kitabuni, aliyetungwa na mtu mwingine. Miguu ikakataa. Nikarudi jikoni nikasonga ugali, mama akampelekea. Akala, akaondoka, sikumwona.

Nimemsamehe? Namsamehe kila asubuhi, na siku nyingine jua linazama sijamaliza. Lakini ile chuki iliyokuwa inanila haikunirudia, na huo ndio ukombozi wangu, sina mwingine. Mume hakurudi. Wewe unayengoja Mungu akurudishie vyote kama vilivyokuwa, usingoje hivyo. Mpe huo uchungu leo, na atakachokupa ukipokee.

Tumpe alikuja akiwa hanijui. Mpaka sasa ananiita shangazi. Jana aliniita tena, "Shangazi, njaa inauma," na kwa neema ya Bwana, ndugu zangu, niliitika.