Siku Wifi Aliponifungulia Hema

Ndugu zangu, jina la Bwana liinuliwe asubuhi hii! Mnaonijua hapa Makambako mnaujua mdomo wangu. Leo nitautumia vizuri.

Mwaka ule mume wangu aliazima mahema mawili, akatupakia wote kwenye Noah yetu chakavu, tukatoka Njombe kwenda Kyela kwa siku nne, tukilala njiani. Mpaka leo nikisikia harufu ya turubai lililolowa, moyo unarudi kule. Watoto wakiimba siti ya nyuma, viazi vya kuchemsha vikipita mkono kwa mkono, baridi ya Uyole ikiingia dirishani. Wote tulifurahi, isipokuwa mimi na wifi yangu Leticia, dada wa mume wangu. Nilikuwa sijamsalimia miaka mitatu! Kisa? Kwenye msiba wa baba mkwe alisema mbele ya akina mama kwamba ugali wangu haujaiva. Ndugu zangu, ugali! Basi yeye alikaa mbele, mimi nyuma, na kila neno letu lilipitia kwa mume wangu.

Siku ya pili tulipiga kambi kando ya ziwa moja la volkano kule Rungwe. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia katikati ya miti, nami nilipoyaona nilimsifu Mungu kwa sauti. Mchana mume wangu na wavulana wakaenda kijijini kununua ndizi. Mara mvua ikashuka, na baridi kali. Wifi akakimbilia kwenye gari, maana hema la pili lilikuwa halijasimamishwa, na hili nililokuwamo hakulitaka. Mimi nikajifungia na binti yangu Neema, miaka minne, nikafanya tunachofanya huku kwetu mwezi wa saba: nikaingiza jiko la mkaa. Nikafunga zipu mpaka chini. Nyumba zetu zina upenyo juu ya ukuta, hema halina. Sikuliwaza hilo.

Neema akalala. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni njaa. Nilipotaka kuinuka, miguu ikakataa. Hapo nikasikia sauti ya wifi nje, akinisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, wifi. Naomba niingie, baridi imenizidi."

Salamu ya kwanza baada ya miaka mitatu, na mimi siwezi kuiitikia! Ulimi ulikuwa mzito. Niliwaza: atadhani nimenuna, ataondoka, na mwanangu atakufa kwa kiburi changu. Nikamwita Yesu moyoni, jina tupu, sikuwa na sala nyingine.

Zipu ikafunguka. Alimtoa Neema kwanza, kisha akanishika miguu akanikokota mpaka kwenye tope. Mvua ikanipiga usoni, nikatapika, nikasikia mtoto analia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile! Mume wangu aliporudi alitukimbiza zahanati, wakasema ni hewa ya mkaa, tungechelewa kidogo tungekufa. Wote wawili tukapona. Haleluya!

Baadaye nikamwuliza wifi kwa nini alifungua, wakati alijua huwa simwitikii.

Akasema, "Wewe ukinuna, unagongagonga vyombo. Nilisikiliza, sikusikia hata kijiko."

Nililia, ndugu zangu. Mtu niliyemkataa alikuwa ananijua kiasi hicho! Mungu aliniokoa kwa mkono wa yule yule niliyemfungia zipu.

Wakati wa kurudi tulikaa siti moja, tumejifunika kitenge kimoja, Neema katikati, tukimsema mume wangu anavyoendesha. Tulipewa miaka sita ya kusalimiana kabla Bwana hajamchukua wifi mwaka jana. Ningeambiwa nichague siku moja irudi, ningeichagua ile ya kitenge kimoja.

Namshukuru Mungu kwa pumzi hii, nanyi mtumainini. Na kama humu ndani yuko mtu usiyemsalimia, leo yupo, na wewe upo. Mimi nakaa chini sasa. Inuka umwendee.