Damu Nyepesi ya Akina Mama wa Qollpani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Remberto Aliaga, Mganga Mkuu wa Mkoa, karibu Qollpani. Tone la kwanza la chicha, pombe yetu ya mahindi, tumeshaimwagia ardhi, Mama Pachamama, kwa hiyo sasa tunaruhusiwa kusema. Anayesoma ni mwenzetu Nieves. Mimba yake ni kubwa, akipumua katikati ya sentensi utuvumilie.

Historia

Huku juu milimani hewa ni haba, na damu za watu huzidi kuwa nzito. Wachimba madini wetu utawajua kwa midomo yao ya zambarau. Basi tuliamini damu nzito ndiyo uzima. Muuguzi Hilaria alipompima Nieves na kusema damu imekuwa nyepesi, mama mkwe wake, Bi Casimira, alimkalia kooni.

"We mwali, umemletea mwanangu damu ya maji? Kula." Akamsukumia bakuli la damu ya kondoo iliyokaangwa, kila siku.

"Mama, nimeshamaliza kondoo mzima."

"Bado kwato."

Mafanikio

Kisha mkatuazima, kwa majaribio, chombo cha kusikilizia damu. Hilaria alikiweka tumboni mwa Nieves, tukaisikia damu ikikimbilia kwa mtoto: shwa, shwa, shwa. Akatueleza kwamba mwenye mimba huongezeka majimaji ya damu kuliko chembe nyekundu, mishipa ikalegea, damu ikateleza hadi kwa mtoto bila kuutesa moyo. Tena siku za kujifungua zikikaribia, damu hiyohiyo nyepesi hujiandaa kuganda upesi, mama asije akaishiwa damu. Mheshimiwa, nani aliifundisha? Tumezaa miaka yote hii bila kujua tunabeba nini. Tulimwomba Hilaria akiweke tena.

Froilán, mumewe Nieves, mchimba madini, alivua kofia. "Yangu inajikokota," alisema, "yake inakimbia." Bi Casimira alifuta machozi, akalimaliza lile bakuli mwenyewe.

Changamoto

Si kila damu hukimbia vizuri. Mwaka jana mwenzetu Primitiva alikuwa mzima machoni petu sote, kumbe damu haimfikii mtoto. Hatukuwa na cha kusikilizia. Tulimzika mtoto nyuma ya kanisa, na Primitiva ndiye aliyekupokea mlangoni leo.

Sasa tumeambiwa majaribio yamekwisha, na chombo kinaondoka na gari lako.

Ombi

Tunaomba kibaki. Maombi mengine yatangoja mgeni mwingine.

Kabla hakijapakiwa, keti kwenye benchi hili, Nieves alale, ukisikilize mwenyewe. Ukishasikia, ukaona bado unaweza kukibeba, kibebe. Froilán atakufungulia mlango wa gari.

Mungu akurudishe salama, na milima ikupe njia kavu.

Ni sisi, akina mama wa Nyumba ya Kungojea Uzazi, Qollpani, pamoja na mwenzetu mmoja ambaye bado hana jina.