Dada Luan na Lifti Iliyopanda Yenyewe

Tarehe 31 Julai, Kuo Hsiu-luan anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya lifti hapa Keelung kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kwa kupaka nyaya grisi, akajisomea kompyuta jioni, akawa mhandisi wa mitambo ya kuongozea lifti. Kwetu sisi ni Dada Luan, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa tatu na mdomo usiomwogopa bosi.

Kazi zake ni nyingi, lakini sisi tutamkumbuka kwa ule mnara wa majivu ya marehemu kule mlimani.

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya kale, mwezi ambao mizimu hupewa ruhusa ya kutembea. Tulikuwa tumefunga bodi mpya ya kompyuta ya kuongozea lifti ya mnara. Kila asubuhi Mzee Shih, mlinzi, alipowasha umeme, lifti ilikaa kimya dakika tano, kisha ikafunga mlango, ikapanda tupu hadi ghorofa ya saba, ikafungua, ikangoja. Hakuna aliyebonyeza kitu. Uvumba ukachomwa, karatasi za sadaka zikateketezwa. Lifti ikapanda vilevile. Siku mlango ulipombana mgeni mmoja bega, wenye mnara wakatuamuru tuing'oe. Na wazee wasioweza ngazi wangewafikiaje wafu wao?

Dada Luan alikwenda, nami nikambebea vifaa. Akazima, akawasha. Dakika tano. Akazima tena, akawasha. Dakika tano zilezile.

"Dada, twende zetu," nikamwambia. Nywele zilikuwa zimenisimama.

"Mzimu gani huyu anayefuata saa kama karani?" akanijibu. "Huyu yumo ndani ya kerneli."

Kerneli ndiyo kiini cha mfumo wa kompyuta; humo mna kihesabio kinachoongezeka kwa kila mdundo wa saa yake. Kitabu cha bodi hakikukitaja. Kiwandani walimjibu, "Usiguse." Mtandaoni kila mtu alikuwa na lake. Basi akaenda kwenye chanzo chenyewe, akasoma maelezo ambayo waandishi wa kerneli waliyaacha kando ya msimbo wao. Kumbe kihesabio hakianzi na sifuri! Kinaanzishwa makusudi kikiwa kimebakiza dakika tano kijae na kurudi sifuri, ili programu iliyoandikwa vibaya iumbuke mapema, isisubiri miezi. Programu yetu ya milango ndiyo iliyoumbuka: kihesabio kilipojirudia, ikadhani muda wa kungoja abiria umepita zamani, ikaipeleka lifti maegeshoni, yaani ghorofa inayopangiwa kungojea ikiwa haina abiria.

Alirekebisha mistari miwili tu. Asubuhi iliyofuata lifti ilitulia, Mzee Shih akapiga makofi. Ndipo tukamwona Bibi Yeh, ambaye majivu ya mumewe yamo ghorofa ya saba. Alikuwa amesimama ndani ya lifti na kikapu cha machungwa, anangoja.

"Mwanangu, umemwambia nini mume wangu?" akamuuliza Dada Luan. "Leo hajaniita."

Makofi yakakoma. Dada Luan akaingia, akamshika mkono, akabonyeza saba.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye bodi. Akafungua mipangilio ya lifti, akanionyesha kwa kidole: ghorofa ya maegesho iliyowekwa ilikuwa ya chini. Saba haikuandikwa popote. Aliitafuta kila mahali, asiipate. Kwenye ripoti akaeleza zile dakika tano, kisha akaongeza: "Sababu ya ghorofa ya saba: sijui."

Meneja alitaka mstari huo ufutwe.

"Nikifuta, nitaandika nini, bosi?" akasema. "Wewe unajua?"

Mstari upo hadi leo.

Sasa anahamia Taitung kwa dada yake, kulima mananasi, katika nyumba isiyo na ghorofa, kasisitiza mwenyewe. Dada Luan, tunakushukuru kwa kila ulichotufumbulia, na kwa kile kimoja ulichokataa kutudanganya juu yake. Nenda na heri, uishi miaka mingi yenye afya na usingizi mtamu.