Jipu la Mang Tibo Likifika Sitini

Benchi hili la mianzi ni langu na kahawa ni yangu, kwa hiyo mtu asiniambie mimi Ponyang ninyamaze. Kila asubuhi wanakuja walewale hapa njia panda ya Lipa, nawamiminia kahawa ya barako nyeusi tititi, halafu wanaanza kubishana. Baharia alipaka grisi mashine za meli miaka kumi na moja, akarudi Batangas na majibu ya kila swali duniani. Padri si padri. Alikaa seminari miaka miwili, wakamtimua kwa kufuga jogoo wa kupigana chini ya kitanda. Wa tatu ni Mang Tibo, yaani Mzee Tibo, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno ya kuhesabu, aliyejijengea jipu, lile gari letu la abiria, la chuma cha pua kwa mikono yake, bati hapa, difu ya mtumba kule, miaka minne mizima. Ijumaa hiyo jipu lilikuwa mbele ya benchi linang'aa mpaka macho yanauma, na Tibo alikuwa chini yake, inaonekana miguu tu. Kesho yake saa sita mchana mkewe Ising alikuwa anatua Manila, anarudi nyumbani kabisa baada ya miaka tisa ya kutunza wazee wa watu Hong Kong. Tibo alimwahidi kumpokea na jipu hilo. Na jipu hilo likifika kilomita sitini kwa saa linatetemeka mpaka meno yanagongana.

— Toka huko unywe kahawa, — nikamwambia. — Inapoa.

— Bado.

— Bado nini? Tangu kuku hawajashuka uko huko chini.

— Nimesema bado, Ponyang.

Baharia akapuliza kikombe chake.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana mimi sipendi vitu vya mvunguni.

— Basi kaa kimya, — nikasema.

— Nikae kimya na ugonjwa naujua? Ni tairi hizo.

— Nimebadilisha tairi, — sauti ikatoka chini ya jipu. — Nimezipima balansi mara mbili.

— Basi ekseli ya nyuma. Imekaa upande. Gari linakwenda kama kaa.

— Nimepima kwa kamba. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kushoto na kulia. Tofauti milimita moja.

— Milimita moja! — Baharia akapiga paja. — Milimita moja ndiyo iliyozamisha meli yetu!

— Meli yenu ilizama lini? — akauliza Padri.

— Ilikaribia.

Padri akavuta kikombe, akajiweka sawa kama anayetaka kupanda mimbarini.

— Nyie mnahangaika na vyuma bure. Jipu hili lilibarikiwa?

— Lilibarikiwa, — nikasema. — Si ulikuwepo, ukala viazi vya watu mpaka ukashindwa kusimama?

— Nilikuwepo, na nikaona kwa macho yangu Father ananyunyiza maji matupu. Kuku alichinjwa? Damu ilipakwa kwenye magurudumu? Haikupakwa. Wahenga walisema, damu nzito kuliko maji.

— Methali hiyo ni ya undugu, Padri.

— Na kuku ni ndugu yangu? Si ndiyo maana achinjwe!

Mtu kama huyo utamjibu nini? Nikamwongezea kahawa ili mdomo upate kazi nyingine.

— Nimeifungua propela, chuma chote kinachotoka injini mpaka difu, — Tibo akasema, safari hii kichwa kimetokeza, kimejaa mafuta machafu. — Nimeipeleka Lipa, wameizungusha, imenyooka. Kross za viungo vyake zote mbili mpya. Linaanza hamsini na tano, sitini linakuwa baya, sabini sijathubutu.

— Umesema difu ni ya mtumba? — Baharia akauliza polepole.

— Ya mtumba. Imetoka Japani.

— Japani sehemu gani?

— Nitajuaje? Imekuja ndani ya kontena.

— Basi sikiliza. Kule kuna magari ya kubebea maiti, nimeyaona bandarini, meusi, yanakwenda taratibu kuliko bibi arusi. Difu yako imetoka humo. Imezoea mwendo wa msiba. Ukiifikisha sitini inaona aibu, inatetemeka.

Padri akajipiga ishara ya msalaba.

— Na huenda kuna maiti mmoja hakushuka.

— Ala! — nikasema. — Asubuhi yote hii, na mnaleta maiti kwenye kahawa yangu?

Hapo Tibo akatoka chini kabisa. Akasimama, akajifuta kwa tambara, akawatazama wawili hao bila hasira, jinsi anavyotazama chuma kabla hajakikata.

— Nikikanyaga mafuta linatetemeka. Nikiachia, linapungua. Sasa niambieni, maiti gani anayejua kama nimekanyaga au nimeachia?

Padri akarudi kwenye kikombe chake.

— Tibo, — Baharia akalainisha sauti, — si aibu. Binamu yako ana kibasi. Mwambie akupeleke kesho. Jipu utalitengeneza wiki ijayo.

— Hapana.

— Mgongo wa Ising mbovu, umesema mwenyewe. Ameumia kwa kumnyanyua yule bosi mzee kitandani. Utamtetemesha kutoka Manila mpaka hapa?

— Sitamtetemesha. Nina leo nzima na usiku wake. Nitalifungua lote tena.

— Lote?

— Mpaka skrubu ya mwisho. Sikuuchomelea mlango wa nyuma miezi mitatu ili Ising apokelewe na kibasi cha mtu.

Alisema hivyo, akarudi kuinama. Moyo uliniuma, nisifiche. Mtu ana mikono inayoweza kushona bati kwa moto mpaka usione mshono, halafu tatizo lisiloonekana linamchezea siku moja kabla ya mkewe kurudi.

Ndipo ikasikika sauti barabarani: — Tahooo! — Si yule muuza taho wetu wa kila siku. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mgeni, bega moja limeinama kwa mzega, ndoo mbili za uji mzito wa soya zinaning'inia mbele na nyuma. Akatua mzega wake, akasema anaitwa Usting, mwenzake amehamia kwa mwanawe na njia hii sasa ni yake. Akalitazama jipu.

— Gari zuri. Linaumwa nini?

Kosa kubwa. Baharia akamtajia tairi, ekseli na magari ya msiba, Padri akamtajia kuku, wote kwa pamoja. Usting akangoja wamalize huku anamkorogea Padri taho yake na sharubati. Kisha akauliza tu:

— Na likipakia watu, linatetemeka vilevile?

Baharia akamtazama Padri. Padri akanitazama mimi. Mimi nikaitazama birika.

— Mbona mmenyamaza? Nimeuliza vibaya?

— Hatujui, kaka, — nikasema.

— Hamjui vipi? Si mmelipanda?

— Hakuna aliyelipanda.

Ikabidi nimweleze. Siku Ising aliposafiri, Tibo alitoka uwanja wa ndege akaenda moja kwa moja kanisani, akapiga magoti, akaweka nadhiri kwa Mama Maria: atajenga gari, na makalio ya kwanza kukaa humo, ukiacha yake ya udereva, yatakuwa ya Ising. Sisi sote tunaijua nadhiri hiyo. Mvua inanyesha, tunatembea kwa miguu, Tibo anapita na viti kumi vitupu na kutupungia mkono. Tunamheshimu. Huku kwetu nadhiri ya mtu haiguswi.

Usting akakuna shingo.

— Mimi sijui magari. Najua mzega. Asubuhi ndoo zimejaa, mzega umetulia begani, nakwenda hata mbio. Jioni ndoo tupu, mzega uleule, njia ileile, unanirukia begani mpaka natamani kuutupa.

— Debe tupu haliachi kuvuma, — nikasema. Nadhani ndiyo methali pekee iliyotumika vizuri asubuhi hiyo.

Tibo alikuwa ameacha kugonga. Akazunguka nyuma ya jipu, akachuchumaa, akazitazama springi. Akaegemea bampa kwa uzito wake wote, akaachia, akaegemea tena. Kisha akacheka, mimi sijamsikia akicheka tangu mwaka juzi.

— Mjinga mimi, — akasema. — Mjinga kabisa! Niliongeza vipande viwili vya springi kila upande. Nilijua Ising atakuja na maboksi, na dada zake wote watataka kupanda, nikasema nyuma lisilale. Tazameni. — Akanyoosha mkono, akakunja kiwiko. — Likiwa tupu, nyuma imepanda, propela inaingia kwenye difu imekunjika hivi. Nikikanyaga mafuta, inapiga. Likibeba, springi zinalala, propela inanyooka. — Akaunyoosha mkono. — Nilijenga gari la kubeba watu kumi, halafu nikalipima miaka yote likiwa na mtu mmoja.

— Ndicho nilichokuwa nataka kusema, — akasema Baharia.

— Basi tupande tujaribu! — Padri alikuwa ameshainua mguu.

— Shusha mguu.

— Tibo...

— Shusha. Nitapakia magunia ya pumba za nguruwe. Nadhiri haikutaja pumba.

— Na kesho? — nikauliza. — Utakwenda na pumba mpaka Manila?

— Nitakwenda nazo. Ising atakaa mbele.

— Miaka tisa, Tibo! Unampokea mwanamke na pumba?

— Nadhiri ni nadhiri, Ponyang. Sikuivunja mambo yakiwa magumu, siivunji leo.

Nikapandwa na hasira. Namjua Ising tangu tunasuka nywele pamoja. Nikatoa simu, nikampigia, nikaongeza sauti benchi zima lisikie. Akapokea huku nyuma yake utepe wa kufungia maboksi unalia kraaa, kraaa.

— Dada Ponyang! Kuna nini? Tibo mzima?

— Mzima wa mwili, — nikasema, na nikammwagia yote: springi, mzega, nadhiri, pumba. Utepe ukaacha kulia.

— Yupo hapo?

— Nipo, — Tibo akasema, amesimama wima kama yuko mbele ya hakimu.

— Nadhiri hiyo uliiweka na nani?

— Na Mama Maria.

— Mimi nilikuwepo?

— Ulikuwa ndegeni.

— Nadhiri, kikanisa... — Padri akaanza.

— Hiyo sauti naijua. Jogoo wa chini ya kitanda, kaa kimya. — Tukamsikia anavuta pumzi. — Tibo. Huku mimi nakula jikoni, nimesimama, peke yangu. Jumapili ndiyo mapumziko, nakwenda kukaa barabarani juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwa sababu sina kwetu pa kukaa. Unajua nikifumba macho naona nini? Naona natoka pale uwanja wa ndege, na jipu limejaa, wengine wananing'inia nyuma, Ponyang anapiga kelele jina langu mpaka natahayari. Hiyo ndiyo imenivusha miaka tisa. Na wewe unataka kuja kunichukua na gari tupu?

Tibo alifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka. Halafu akafungua mlango wa nyuma, ule aliouchomelea kwa miezi mitatu.

— Mama Maria ataniuliza mimi, — akasema. — Kiti cha mbele kiacheni. Wengine wote pandeni.

Sikuwahi kumwona Baharia akikimbia. Padri alipanda akiwa na taho mkononi. Usting akafunika ndoo zake, akapanda pia. Si yeye mganga? Mke wa Baharia na wadogo zake wawili walikuwa wanapita kwenda sokoni, tukawavuta. Niliacha birika motoni, nikakaa nyuma ya Tibo, simu mapajani, Ising bado yumo. Jipu likashuka nyuma, likatulia. Tukaingia barabara iliyonyooka kando ya mashamba ya miwa. Arobaini. Hamsini. Hamsini na tano, Padri akashika rozari. Sitini, Tibo ameng'ang'ania usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Sitini na tano. Sabini. Nikaweka kiganja juu ya bati na bati lilikuwa limetulia, halitetemeki hata kidogo. Kwenye kioo nikamwona Tibo, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hapunguzi mwendo.

— Mbona kimya? — Ising akauliza kwenye simu. — Jamani, limezima?

Nikaibandika simu kwenye bati, asikie mwenyewe jinsi lilivyotulia. Nikamgeukia Baharia, naye alikuwa anatazama miwa, anajifuta macho kwa mkono wa shati.