Mama Thacienne na Maziwa Yaliyomwagika

Wasikilizaji wapendwa, Mama Thacienne wa Muheto ametuacha Jumapili, akiwa na miaka mingi hata mwenyewe alikuwa amechoka kuihesabu. Sogeeni karibu. Nawapeleka mwaka 1953, na nikitia chumvi, itakuwa kidogo tu.

Mama huyu alikuwa na binti, Nyiraneza. Nilisoma naye darasa moja. Nyiraneza alisahau swali kabla mwalimu hajalimaliza. Tena alianguka ovyo: njiani, kanisani, naapa alianguka hata akiwa amekaa! Mwalimu wetu Honoré akamwambia mama yake: "Mutoto asiposhinda mtihani wa Pasaka, atabaki nyumbani."

Sikieni vizuri. Asiposhinda, shule imekwisha. Na zilibaki wiki saba.

Kwa wafugaji wa kule, kumwaga maziwa ni mkosi kwa ng'ombe. Wasichana wenzake walibeba vibuyu vya maziwa kichwani tangu wadogo. Nyiraneza, kwa kuwa anaanguka, alikatazwa. Mama Thacienne akasema: "Kosa iko hapo! Tulimunyima kazi ya kutuliza kichwa."

Akamtwika kibuyu kimejaa. Akamwambia atembee juu ya gogo lililolala matopeni, huku akihesabu saba mara moja, saba mara mbili.

Maziwa yakamwagika. Mumewe, Papa Sebahire, akapiga kelele:

"Thacienne! Unataka kuua ngombe zangu?"

"Ngombe iko na miguu ine, Papa. Haitaanguka sababu ya maziwa kidogo. Mutoto iko na miwili tu!"

Kila asubuhi, gogo lile lile. Kila asubuhi, maziwa chini. Vyura wa bonde lile walinenepa hata wakashindwa kuruka. Ng'ombe hata mmoja hakufa. Wiki ya sita, kibuyu kikatulia. Na hesabu ya saba ikatulia pamoja nacho.

Siku ya mtihani, Nyiraneza aliitwa mbele.

"Mwalimu, naweza kuweka ardoise kichwani?"

Tulicheka sana. Akaweka kibao chake cha kuandikia kichwani, akahesabu saba zote hadi mwisho. Kibao hakikutikisika. Alishinda, akawa wa kumi na mbili. Mimi nilikuwa wa ishirini, msiulize kati ya wangapi.

Sisemi hiyo ni dawa ya kila mtoto. Nasema nilichoona.

Familia ya Mama Thacienne kule Muheto, poleni sana. Nawe unayesikiliza, kabla hujamfukuza mtoto asiyetulia, jiulize tumemnyima nini. Jana, kwenye matanga, nilimuuliza Nyiraneza, leo bibi mwenye wajukuu, mama yake alimfanyia nini hasa.

"Aliniacha nimwage," akasema.